Kumfuata mtoto, kumwongoza, au kumfunza mlezi: ulinganisho wa modeli tatu za tiba ya mchezo

Ukiingia chumba cha tiba ya mchezo, yaani ushauri unaomponya mtoto kupitia mchezo wake, Kisumu, kingine Nakuru na kingine Bungoma, utakuta vitu vilevile: wanasesere, gari la waya, sufuria ndogo, wanyama wa plastiki, kalamu za rangi, beseni la mchanga. Vitu hivyo havikwambii ni tiba gani inayotolewa humo. Tiba imo katika anachofanya mtu mzima mtoto anapoanza kucheza. Je, anamfuata? Anampa kazi aliyoiandaa? Au amekaa pembeni, akimtazama bibi wa mtoto akifanya aliyofunzwa?

Hizo ni tiba tatu, kila moja na sababu yake ya kuponya. Hapa tunazilinganisha kwa ajili ya mshauri, shule au kituo kinachotaka kuchagua. Swali tunalolipa uzito ni moja: ipi mnayoweza kuishika kama ilivyo tangu kikao cha kwanza hadi cha mwisho, kwa mtoto huyu, kwa muda na usimamizi mlio nao? Matokeo ya utafiti ni ya modeli nzima. Mshauri anayechukua robo ya hii na robo ya ile hana utafiti unaomsimamia, na mtoto asipopata nafuu hatajua arekebishe wapi.

Zinatoka wapi

Tiba inayomfuata mtoto ilichorwa na Virginia Axline mwaka 1947 kutokana na fikra za mwanasaikolojia Carl Rogers. Aliiwekea kanuni nane, na nzito kuliko zote ni kwamba mtoto ndiye anayeongoza na mtu mzima hamharakishi. Baadaye Garry Landreth wa Chuo Kikuu cha North Texas aliipa mbinu zinazofundishika. Huwafaa hasa watoto wa miaka 3 hadi 10, katika vikao vya dakika 30 hadi 50.

Tiba yenye mpangilio hutumia mchezo kama chombo cha kufundishia stadi na kurekebisha fikra. Susan Knell aliijenga kwa watoto wadogo, wale ambao bado hawawezi kukaa na kujadili mawazo yao. Kwa watoto waliopatwa na kiwewe, njia inayojulikana zaidi ni ya Judith Cohen, Anthony Mannarino na Esther Deblinger, ambayo hupita hatua kwa hatua hadi mtoto asimulie lililompata. Hiyo ya pili si tiba ya mchezo kwa asili yake, ila kwa mtoto mdogo hatua zake nyingi hupitishwa kwa mchezo, ndiyo maana wengi huichanganya na ile ya Knell.

Ya tatu humfunza mlezi. Bernard na Louise Guerney waliianzisha Marekani miaka ya 1960. Landreth na Sue Bratton wakaifupisha kuwa mafunzo ya vikao 10 kwa kikundi kidogo cha walezi, na kila mlezi hucheza na mtoto wake nyumbani dakika 30 kwa wiki.

Kuna nyingine, kama Theraplay iliyoanzia Chicago na tiba ya mchanga ya Dora Kalff. Hizo zina mafunzo na ithibati zake, na hatuziingizi hapa. Kumwaga mchanga kwenye trei hakumfanyi mtu kuwa mtaalamu wa njia ya Kalff.

Dakika moja, modeli tatu

Tuseme kuna mtoto wa miaka 7 anayeishi mtaa wa Nyalenda, Kisumu, na bibi yake. Baba alikufa kwa ajali ya bodaboda. Mtoto anamchukua mwanasesere mwanamume, anamzika kwenye mchanga, anasema, "Huyu ni baba. Ameenda." Kisha anamtazama mtu mzima.

Anayemfuata mtoto atasema, "Umemfunika kabisa. Baba ameenda." Ananyamaza. Uso wa mtoto ukionyesha uchungu, ataongeza, "Inauma." Mtoto akimfukua mwanasesere na kumpandisha kwenye gari, mshauri atasema, "Umemtoa. Sasa anaendesha." Hatamwambia kwamba aliyekufa harudi. Mtoto anajua, au yuko njiani kujua, na mchezo ndio njia hiyo.

Mwenye mpangilio atafanya jambo linalotegemea namba ya kikao, na hapa ndipo wengi hawaelewi tofauti. Kikiwa cha tatu, atapokea kwa upole, "Unamfikiria baba. Tutakuja kuzungumza juu ya siku ile, tukishajua namna ya kuutuliza mwili," halafu atarudi kwenye zoezi la kupumua. Kikiwa cha sita au cha saba, atasimama papo hapo: "Tuchore siku ile. Asubuhi baba alikuwa wapi?" Mtoto akisema, "Mimi ndiye nilimtuma mandazi, ndiyo maana akagongwa," mshauri amefika kwenye kiini cha kazi yake. Atatumia wanasesere kumsaidia mtoto aone nani aliendesha gari, nani alikuwa barabarani, na kwamba kutaka mandazi hakuui mtu.

Katika modeli ya tatu mshauri hayumo chumbani kabisa. Bibi ndiye anayesema, "Umemfunika baba," na pengine atakosea, atasema, "Achana na hayo, mjukuu wangu." Kazi ya mshauri huja baadaye, kikundini, anapotazama naye video ya dakika chache kwenye simu na kumwonyesha kwanza mahali alipofanya vizuri.

Sasa mchanganyiko unaotokea mara nyingi kuliko zote tatu. Mshauri anaakisi, yaani anamrudishia mtoto kwa maneno alichofanya: "Umemfunika baba." Mara anauliza, "Baba alienda wapi?" Kabla ya jibu anafariji, "Usijali, yuko mbinguni anakuona." Katika dakika moja mtoto amekutana na watu wazima watatu. Wa kwanza alimwachia uongozi, wa pili akauchukua, wa tatu akafunga mazungumzo. Mtoto mwenye akili atafanya kile ambacho watoto wetu hufanya wasipoelewa matakwa ya mkubwa: atanyamaza na kungoja kuambiwa.

Kumfuata mtoto: rahisi kwa macho, ngumu kwa ulimi

Modeli hii huonekana nyepesi, ndiyo maana huharibika upesi. Mshauri ana mambo machache tu ya kusema: kueleza anachokiona mtoto akifanya, kuakisi maneno yake, kuakisi hisia, kumrudishia uamuzi, kutambua juhudi, na kuweka mipaka inapobidi. Chochote nje ya hayo kinahitaji sababu.

Mkengeuko wa kwanza katika eneo letu ni sifa. Washauri wengi walikuwa walimu, na wote tumepita darasa ambamo jibu sahihi hupigiwa makofi ya kilo. Mtoto anajenga mnara, ulimi unasema "Vizuri sana!" kabla ya kichwa kufikiri. Ubaya wake ni kwamba mtoto sasa anajua kuna jambo linalokupendeza, na kikao kijacho atajenga mnara mwingine ili akupendeze, badala ya kucheza kile kinachomsumbua. Badala yake sema, "Umejaribu mara nne mpaka ukasimama." Juhudi ni yake, na hukumu pia inabaki kuwa yake.

Wa pili ni maswali. "Huyu ni nani?" "Kwa nini anapigana?" Swali humtoa mtoto kwenye mchezo na kumweka kwenye mtihani. Tena kukiita kitu kwa jina lake kabla mtoto hajakiita ni uongozi wa kichinichini: ukisema "Umechukua simba," na yeye alikuwa amemchukua baba mkali, umeshamfungia. Sema "Umemchukua huyo."

Wa tatu ni "pole," na hili linahitaji uangalifu kwa sababu neno lenyewe ni zuri na ni letu. Mtoto akijikwaa, mwambie pole kama unavyomwambia mtu yeyote. Lakini anapocheza kifo au kipigo, "pole" ikitangulia huwa kama mlango unaofungwa taratibu, na mtoto hujibu "asante" kwa adabu na jambo likaishia hapo. Akisi hisia kwanza. Kuhusu lugha ya hisia yenyewe, mtoto wa mjini Nakuru atasema "nasikia vibaya" na wa kijijini Vihiga huenda akasema kwa lugha ya nyumbani kwamba moyo unamuuma. Akisi kwa neno lake. Usimpandishe kwenye msamiati wa chuo.

Kisha mipaka. Hatua ni tatu na mfuatano wake haubadilishwi: tambua hisia, sema mpaka, onyesha njia nyingine. "Naona umekasirika na unataka kunirushia gari. Mimi si wa kurushiwa vitu. Gunia lile unaweza kulirushia." Kinachoharibika ni kwamba mshauri mwenye hofu huruka hatua ya kwanza na kuanza na "Hapana, usifanye hivyo." Hapo amekuwa mwalimu wa zamu. Wengine hukosea kwa kuongeza hatua ya nne, mahubiri ya kwa nini kupiga ni vibaya. Mpaka huwekwa unapohitajika tu. Orodha ndefu ya kanuni mlangoni humfanya mtoto afikirie mambo ambayo hakuwa ameyawaza.

Na kufagia na kupanga? Katika modeli hii mtoto halazimishwi kurudisha vitu. Mshauri humwambia zimebaki dakika 5, kisha dakika 1, na akishatoka hupanga mwenyewe. Mlezi akiona hivyo ataudhika, na ana haki, kwa maana nyumbani mtoto hufunzwa kuokota alichotawanya. Mweleze kabla ya kikao cha kwanza kwamba mchezo huu ni maneno ya mtoto, na hakuna anayemwambia mgonjwa arudishe maneno mdomoni. Usipomweleza, atamkaripia mtoto mlangoni kila wiki, na mtoto ataanza kucheza kwa tahadhari.

Vifaa vinaruhusu mabadiliko mengi. Landreth alipendekeza chumba cha takriban mita 3.6 kwa 4.5, lakini mkeka na mkoba mmoja vinatosha, mradi vitu vipangwe mahali palepale kila wiki. Piga picha ya mkeka uliopangwa ili uufuate. Lazima makundi matatu yawepo: vitu vya maisha halisi (wanasesere, jiko, sufuria, simu mbovu, matatu au tuktuk ndogo, vifaa vya daktari), vitu vya kutolea hasira (gunia lililojazwa vitambaa, kamba, mnyama mkali, kisu cha mpira) na vitu vya ubunifu (udongo wa mfinyanzi, karatasi, rangi, mchanga). Familia ya wanasesere wanne haitoshi kwetu. Weka wanane au zaidi, wakiwemo bibi, babu na watoto wa ukoo, kwa kuwa mtoto aliyehamishwa nyumba tatu tangu mazishi hawezi kucheza maisha yake kwa baba, mama na watoto wawili.

Vituo vingine huondoa bunduki ya plastiki, hasa katika maeneo yaliyoumizwa na ghasia za 2007 na 2008. Inakubalika. Kisichokubalika ni kuliondoa kundi zima la vitu vya hasira na kubakiza kalamu na wanasesere wapole. Hapo umemwambia mtoto kwamba hasira yake haina nafasi chumbani, na kanuni ya kumpokea alivyo imevunjika bila mtu kutamka neno.

Tiba yenye mpangilio: ramani ipo, hofu ni ya kuifuata

Hatua zake, kwa njia ya Cohen na wenzake, ni hizi kwa kufuatana: elimu juu ya kiwewe na stadi za malezi, kutuliza mwili, kuzitaja na kuzipima hisia, kutenganisha fikra, hisia na tendo, simulizi la tukio na kurekebisha fikra potovu, kukabili kidogo kidogo vitu vinavyotisha bila sababu, kikao cha pamoja na mlezi, na usalama wa siku zijazo. Kwa kawaida ni vikao 12 hadi 16, vikigawanywa karibu sawa kwa tatu: theluthi ya stadi, theluthi ya simulizi, theluthi ya kukusanya na kumshirikisha mlezi.

Kwa watu wa magharibi mwa Kenya modeli hii ina jambo kubwa: imepimwa papa hapa kwao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihusisha watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, katika maeneo ya mjini na mashambani Bungoma nchini Kenya na Moshi nchini Tanzania. Waliotoa tiba hawakuwa wanasaikolojia, walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa kwa karibu. Kulikuwa na vikao 12 vya kikundi, pamoja na vikao 3 au 4 vya mtoto peke yake kwa ajili ya simulizi. Dalili za kiwewe zilipungua zaidi kuliko kwa huduma ya kawaida katika maeneo matatu kati ya manne, na mwaka mmoja baadaye tofauti hiyo ilikuwa bado ipo kwenye maeneo yote mawili ya Kenya. Baadaye Bungoma kazi hiyo ilipelekwa kwa walimu na wahudumu wa afya wa jamii. Anayenukuu matokeo haya akumbuke kilichoyabeba: hatua zilifuatwa, na usimamizi ulikuwa wa mara kwa mara. Mafunzo ya siku chache bila usimamizi ni kitu kingine.

Mkengeuko wake ni kinyume cha ule wa kwanza. Mshauri anayemfuata mtoto hukosea kwa kusema mno. Huyu hukosea kwa kuogopa kufika. Anakaa kwenye kupumua, kupuliza mapovu ya sabuni na kuchora nyuso za hisia hadi kikao cha tisa, kwa kuwa simulizi linamtisha yeye mwenyewe. Muhula unaisha, mtoto anajua kupumua vizuri, na lile lililomleta halijaguswa. Ukiwa na vikao 12, simulizi lianze kufikia cha tano au cha sita. Ukichelewa, andika sababu kwenye faili, kisha jiulize iwapo sababu ni ya mtoto au ni yako.

La pili ni maneno ya kuficha. Mtoto ameambiwa baba "amesafiri" au "amelala." Wa kwanza anangoja arudi, na wa pili anaogopa kulala. Modeli hii inadai neno lenyewe: amekufa. Kabla ya kulitamka chumbani, kaa na mlezi mkubaliane, kwa heshima, kwani mama mkwe au mjomba ndiye huenda aliyeamua mtoto asiambiwe. Ukimzunguka, mtoto hatarudi wiki ijayo.

La tatu ni mlezi kutoweka. Anauza samaki Kibuye, anavuna chai Nandi, anakuja mara mbili tu. Washauri huifuta sehemu ya mlezi na kuendelea. Bila mlezi, simulizi la mtoto halipati msikilizaji nyumbani, na kikao cha pamoja hakipo. Ni afadhali kuhamisha saa, kwenda kwake jioni, au kumtafuta mlezi mwingine wa karibu kuliko kuacha sehemu hiyo.

Mchezo wenyewe una nafasi yake humu. Kupima hisia kwa vizibo vya soda, kimoja hadi vitano, hufanya kazi kuliko kumwuliza mtoto "kwa kiwango gani." Mwanasesere wa mkono anaweza kuwa na hofu ileile na mtoto akamfundisha kupumua. Hii ndiyo mbinu ya Knell kwa watoto wa miaka 3 hadi 6. Lakini mshauri ndiye aliyechagua mchezo huo, na kikao kina lengo. Mtoto akitaka kucheza kalongolongo saa nzima na mshauri akakubali kila wiki kwa sababu "anafurahia," modeli imeshaachwa, ijapokuwa fomu zinaandikwa jina lake.

Kumfunza mlezi

Hii tunaipitia kwa ufupi, kwa sababu moyo wake ni uleule wa modeli ya kwanza. Walezi 6 hadi 8 hukutana kwa takriban saa 2 kila wiki. Wiki tatu za kwanza wanajifunza, kisha wanaanza vikao vya nyumbani vya dakika 30 na mtoto mmoja, mahali palepale, na vifaa vya mkoba maalumu visivyochezewa siku nyingine. Mlezi harekebishi tabia zote za mtoto. Anajifunza nusu saa moja kwa wiki, basi.

Penye watoto watano chini ya bibi mmoja, tatizo ni kwamba wengine wanne hukaa mlangoni. Bibi kwa huruma huwaingiza. Hapo kikao kimegeuka kuwa mchezo wa kawaida, mzuri, lakini tiba haipo tena. Panga jirani wa kuwashika wale wengine, au fanyeni vikao hivyo kanisani au shuleni. La pili ni kikundi kugeuka mhadhara: wiki ya nne mshauri anazungumza saa nzima na hakuna video inayotazamwa. Mlezi hujifunza kwa kujiona. Pasipo kutazama na kurudishiwa maoni, yanayobaki ni ushauri wa malezi.

Takwimu zinazosomwa vibaya

Mwaka 2005 Bratton na wenzake walikusanya tafiti 93 za tiba ya mchezo. Wastani wa athari, yaani kipimo cha tofauti kati ya waliopata tiba na wasioipata, ulikuwa 0.80. Njia zisizoongoza zilipata 0.92 na zinazoongoza 0.71, na zilizowatumia wazazi zilifanya vizuri zaidi. Namba hizi hutumiwa kudai kwamba kumfuata mtoto kumeshinda. Waandishi wenyewe walionya: tafiti za upande mmoja zilikuwa nyingi mno kuliko za upande wa pili. Hazikwambii umchagulie nini mtoto aliyefiwa huko Kanduyi.

Mnachoweza kubadilisha na msichoweza

Lugha, nyimbo, hadithi za mfano, vifaa, mkeka badala ya chumba, mlezi kuwa shangazi badala ya mama: badilisheni. Anayeongoza kikao, mfuatano wa hatua, idadi ya vikao, nafasi ya mlezi na usimamizi: acheni. Ukijikuta unataka kubadilisha moja ya hayo matano, modeli uliyochagua haikufai, na ni bora ujue wiki ya kwanza.

Idadi ndiyo huvunjika kwanza, na kalenda ya shule ndiyo huivunja. Muhula wa tatu una takriban wiki 9 tu. Toa wiki ya kufungua, wiki za mitihani na siku ya michezo, unabaki na vikao 6 au 7. Usianze simulizi la kiwewe katika muhula huo shuleni. Anza muhula wa kwanza au wa pili, au panga tangu mwanzo mahali pa kuendelea likizoni. Kwa tiba inayomfuata mtoto, ambayo mara nyingi huhitaji zaidi ya vikao 12, mapumziko ya likizo yatangazwe kwa mtoto mapema kwa kuhesabu: "Tumebakiza mara tatu."

Kujikagua

Kumbukumbu ya mshauri haiaminiki. Kila mtu hukumbuka alichokusudia kusema. Rekodi kikao. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, kwa hiyo chukua saini, eleza itafutwa lini, mwambie na mtoto mwenyewe, na usiitume video kwa WhatsApp.

Chagua dakika 10 za katikati ya kikao. Andika kila sentensi ya mtu mzima, moja kila mstari. Kwa modeli ya kwanza, weka alama: kufuatilia, kuakisi maneno, hisia, kurudisha uamuzi, juhudi, mpaka, na upande wa pili: swali, sifa, fundisho, faraja ya haraka. Kwa modeli yenye mpangilio, hesabu hatua zilizopangwa na zilizofanyika. Katika utafiti, kiwango kinachotumika mara nyingi ni asilimia 80 au zaidi ya yaliyotarajiwa. Mwombe mwenzako aweke alama zake bila kuona zako. Mkitofautiana sana, hamjaelewana juu ya modeli, na hilo litatuliwe kabla ya kumlaumu mtu. Fanya hivi kwa kikao kimoja kati ya vitano.

Aliye peke yake Busia au Kuresoi anaweza kupata msimamizi kwa simu kila wiki mbili. Muhimu msimamizi awe anaijua modeli hiyohiyo. Msimamizi wa modeli nyingine, hata akiwa hodari, atakuvuta kwake kidogo kidogo.

Basi chagua hivi

Tukio linajulikana, mtoto ana miaka 6 au zaidi, ana ndoto za kutisha, anakwepa mahali au watu, na mlezi anaweza kuja: chukua yenye mpangilio. Mtoto ni mdogo, au haijulikani kilichotokea, au hazungumzi, au tatizo ni hasira na kujitenga, na una muda mrefu bila kukatizwa: mfuate. Mtoto amehamia kwa mlezi mpya na hawajazoeana, na mlezi ana afya na utulivu wa kutosha: mfunze mlezi.

Ikiwa mtoto bado anaumizwa nyumbani, hakuna kati ya hizi inayoanza. Kwanza usalama: afisa wa watoto, dawati la jinsia polisi, au simu 116 isiyolipishwa. Kumfundisha mtoto kwamba hatari imepita wakati iko kitandani kwake ni kumdanganya.

Na ikibidi kubadilisha modeli katikati ya safari, usibadilishe ndani ya kikao. Zungumza na msimamizi, malizia kikao ulichomo kwa njia ya zamani, kisha mwambie mtoto waziwazi mwanzoni mwa kinachofuata: "Mpaka sasa wewe ndiye uliyechagua kila kitu. Kuanzia leo nusu ya kwanza nitaleta kazi mimi, tutazungumza juu ya baba. Dakika 10 za mwisho zitakuwa zako, na utachagua mwenyewe." Kwenye faili andika tarehe, modeli uliyoacha, unayoanza, sababu, na dalili utakayoitazama ili kujua kama uamuzi ulikuwa sahihi.